Masyaf ya kwenye gemu: Mwalimu yupo, waumini wako wapi?

Juzi kati nilishinda kwa shemeji yangu wikiendi nzima, jamaa ana kompyuta ya maana, nikamwomba anifungulie Assassin's Creed ya kwanza, ile ya 2007. Akanishangaa. Anazo mpya kibao, grafiki kali, mimi nang'ang'ania gemu la zama za kale. Nikamwambia shem, mimi sitaki kupigana na mtu leo, nataka nikatembee Masyaf tu.

Kwa ambao hawajaicheza: Masyaf ni kijiji cha mlimani, nyumba za mawe zimepandana kama ngazi, kibarabara kinajikunja kinapanda weee mpaka kinatokea kwenye geti la ngome, na ngome yenyewe iko kwenye ukingo wa genge, ukichungulia chini unaona maji. Ni mwaka 1191, Vita vya Msalaba vya tatu, Richard wa Uingereza na Salahuddin wanatifuana huko chini pwani na wewe ni Altaïr, muuaji wa siri, bosi wako ni mzee mmoja wa ndevu nyeupe na jicho moja bovu anaitwa Al Mualim. Wengi wakiikumbuka hii gemu wanakumbuka Damascus, Acre, Yerusalemu, kukimbizana juu ya mapaa, kile kisu kinachochomoka kwenye mkono. Mimi nakumbuka kijiji, maana kijiji ndo uti wa mgongo wa stori yote. Unaanza kwa kuharibu kazi Yerusalemu, unarudi nyumbani kichwa chini, unapandisha kile kibarabara katikati ya watu wanaokuangalia, na kabla hujakaa vizuri Robert de Sablé na Templar wake, wale askari watawa wa wapiga msalaba, wamekufuata mpaka mlangoni na wanaua watu kijijini kwa sababu yako. Alafu mzee anakuchoma kisu. Ukizinduka huna cheo, huna silaha za maana, una orodha ya watu tisa wa kuua ili ujisafishe, na baada ya kila mmoja unarudi hapo hapo mlimani kutoa ripoti.

Kama ubunifu wa gemu, hii ni kazi safi na sijaona kijiji kingine kwenye mfululizo wote kilichofanya kazi hiyo vizuri hivyo. Monteriggioni ya gemu la pili ni nzuri, unaikarabati, unafungua maduka, inakuingizia hela, ila ile ni mradi. Masyaf hukarabati kitu, hununui kitu, unapita tu. Na kwa sababu unapita mara nyingi mguu wako unaizoea, unajua kona gani ina ngazi, unajua wapi ukiruka unatokea kwenye majani makavu. Hata zile bendera 20 zilizofichwa pale nilishazitafuta zote, na kwa waliocheza PS3 wanajua ukizipata hupewi kitu, si kombe si ahsante. Gemu zima lina bendera 420, nani aliwaambia watu wana muda huo sijui.

Sasa kinachonikera. Safari hii niliamua nitembee taratibu, sikimbii, nasikiliza. Na masikio ya Mswahili kwenye hii gemu yana faida ambayo Mmarekani hana. Al Mualim, hilo si jina, ni mwalimu, neno letu kabisa limevaa kanzu tu. Altaïr ni mwenye kuruka, shina moja na tiara tunayorusha utotoni. Na wale vijana wa kujitoa mhanga ambao Wazungu waliwapa jina la assassin, wenyewe kwa wenyewe waliitwa fidai, na mtu yeyote aliyewahi kudai au kulipa fidia analisikia neno humo ndani bila kuhitaji kamusi: anayejitoa nafsi yake iwe malipo kwa ajili ya wengine. Kwa hiyo unatembea kijijini unasikia maneno ya dini pande zote, mwalimu, fidai, pepo, halafu ukiangalia watu wenyewe unajiuliza hawa wanaamini nini? Hujui. Mwisho wa gemu bado hujui. Wana kanuni ya undugu wao, inasema hakuna kilicho kweli na kila kitu kinaruhusiwa, basi. Kijiji kizima kinalinda ngome ya watu wenye hiyo kanuni na kiko tayari kufa kwa ajili yake. Jamani. Nani anakubali mwanae afe kwa kanuni kwamba hakuna kilicho kweli?

Hapo ndo ilibidi niache padi nianze kuwaza Masyaf ya kweli.

Maana Masyaf ipo. Iko Syria, kama kilomita 40 hivi magharibi ya mji wa Hama, upande wa mashariki wa ile milima inayofuatana na pwani. Mwaka 2024 iliingia kwenye habari kwa sababu ya mashambulizi ya Israel kwenye eneo la jirani na pale, na nakumbuka nilivyoisikia redioni nikastuka kama nimesikia wametaja mtaa niliowahi kupanga, kumbe sijawahi hata kukanyaga Syria. Ngome yake ipo mpaka leo. Ila ukiona picha utacheka kidogo, haiko juu ya genge la kutisha, imekaa juu ya mwamba uliochomoza katikati ya mji na nyumba zimeizunguka. Ule mlima wa kwenye gemu wamekuchorea wabunifu wa Montreal ili uchoke kupanda, na sina kesi nao kwa hilo, mlima umechorwa vizuri.

Kesi yangu ni watu. Waliokuwa na hiyo ngome kuanzia karibu mwaka 1140 walikuwa Waismailia wa tawi la Nizari, Mashia, jamii ndogo iliyokuwa imebanwa kila upande, na mwenzao Hasan-i Sabbah alikuwa ameshachukua ngome ya Alamut huko Uajemi mwaka 1090 na kuanzisha kitu cha ajabu, dola isiyo na ardhi iliyoungana, ni ngome ngome tu zimetawanyika milimani na kila ngome ina vijiji vyake. Mzee wa kwenye gemu naye ni mtu wa kweli, Rashid al-Din Sinan, mzaliwa wa pande za Basra, alisomea Alamut, akaongoza Waismailia wa Syria kuanzia miaka ya 1160 mpaka alipofariki karibu 1193, Wazungu wakimwita Mzee wa Mlima. Salahuddin mwenyewe alinusurika mara mbili kuuawa na vijana wake, mwaka 1175 na 1176, akakasirika akaja kuizingira Masyaf mwezi wa nane 1176, na baada ya muda mfupi akafungasha akaondoka. Kwa nini, watu wanasimulia mengi, kuna ile hadithi ya kuamka usiku akakuta kisu na mikate ya moto pembeni ya kitanda, tamu sana ila ni hadithi, na kuna maelezo yasiyo na utamu kwamba mjomba wake aliyekuwa anatawala Hama aliingilia kupatanisha kwa sababu hataki vita na majirani zake. Mimi nauamini ujirani kuliko mikate.

Sasa sikiliza hapa, maana ndo penyewe. Hawa Nizari walikuwa na fundisho moja kubwa lililowatofautisha na wengine mpaka wapinzani wao wakawa wanawaita kwa jina la fundisho hilo: taalim. Wanasema akili ya binadamu peke yake haitoshi kumfikisha kwenye ukweli wa Mungu, lazima awepo mwalimu, na mwalimu huyo ni Imamu wa zama hizo. Yaani imani yao kwa ufupi ni kwamba ukweli upo na mwalimu yupo. Gemu likaja likachukua ngome yao, mavazi yao, visu vyao, likachukua hata hilo neno mwalimu, likawapa kanuni kwamba hakuna kilicho kweli na stori ambayo mwalimu ndiye mwongo anayetakiwa kuuawa bustanini. Wamegeuza nguo ndani nje. Ukitaka kutunga kijiji ambacho ni kinyume kabisa cha Masyaf usingefanya vizuri zaidi ya hapo.

Na hata hiyo kanuni ina harufu ya mahali ilipotoka. Mwaka 1164 Imamu wa Alamut alitangaza Kiyama, si kwamba milima itapasuka, ni kiyama cha kiroho, kwamba waumini wake wameingia kwenye hali ya kumjua Mungu ndani kwa ndani na mambo ya nje ya sheria hayawafungi tena kama zamani. Lilikuwa tangazo zito la kiimani, unaweza ukalikubali au ukalikataa, ila mahasimu wao walipolisikia wakalifupisha kihasimu: hao wameruhusu kila kitu. Miaka zaidi ya 800 baadaye kijana anabonyeza padi sebuleni na hicho kifupisho cha mahasimu anakiona kimeandikwa kama ndo imani ya wenyewe.

Sisemi studio ilikuwa na nia mbaya. Tukumbuke ilikuwa 2007, jeshi la Marekani liko Iraq, kwenye magemu mengi ya kipindi kile mtu anayeongea Kiarabu ni wa kupigwa risasi tu, halafu hawa wakamweka kijana wa baba Mwislamu na mama Mkristo kama shujaa na wapiga msalaba wakawa ndo wavamizi. Ilihitaji moyo. Na kabla gemu halijaanza wanakuwekea lile tangazo kwamba kazi hii imetengenezwa na timu ya watu wa tamaduni na imani mbalimbali. Nalielewa tangazo, ni kama mtu anayebisha hodi mara tatu kabla ya kuingia nyumba ya watu. Ila walichofanya baada ya kuingia ni kuwatoa wenye nyumba. Waliogopa dini, kwa hiyo wakaifuta, na walipoifuta ikabidi watafute kitu kingine cha kuwaunganisha hawa watu wa mlimani, wakaweka siri, tufe la dhahabu linaloendesha akili za watu, vita ya makundi mawili tangu dunia iumbwe. Imani ya wakulima na wachungaji wa milimani ikageuka kuwa chama cha siri. Hofu ya kumkosea mtu ikazaa kosa la kumfuta kabisa.

Angalia walivyofanya ule mruko. Templar wako chini, Al Mualim anatoa ishara, Altaïr na wenzake wawili wanajirusha kutoka juu ya ngome mbele ya macho ya adui. Chanzo chake ni simulizi za Wazungu wa zama zile, kwamba Henry wa Champagne, mtawala wa wapiga msalaba, alienda kumtembelea mrithi wa Sinan, akaonyeshwa vijana wawili wanajitupa kutoka mnarani kwa amri tu, wakafa, ili mgeni aone utii ulivyo. Wanahistoria hawaichukui kama tukio la kweli, ni aina ya hadithi ambayo watu huwatungia majirani wanaowaogopa. Gemu limefanya nini? Limeweka majani makavu chini. Aisee hapa nawapa heshima yao, ni ujanja mtupu, hadithi ya kuwadhalilisha watu kama vichaa wameigeuza kuwa mchezo wa akili, adui anadhani umekufa kumbe unazunguka nyuma kumwangushia magogo. Na bado wakamwacha mmoja avunjike mguu ili usisahau kwamba ni hatari. Sehemu ndogo kama hii inakuonyesha wangeweza. Waliwahi kuichukua kashfa ya kale wakaitazama upya kwa upande wa waliosingiziwa, mara moja, kwenye majani makavu, basi.

Maana kwenye bustani walishindwa. Nyuma ya ngome kuna bustani nzuri, maua, wanawake wamekaa kaa, na kila aliyewahi kusikia stori za Marco Polo anajua inatoka wapi: mzee anawalevya vijana, wanaamka kwenye bustani ya raha wanadhani ni peponi, wanarudishwa wanaambiwa ukitaka kurudi kule nenda kaue. Na neno lenyewe assassin linatokana na hashishi, jina la matusi walilopewa na wapinzani wao Waislamu, kama sisi tunavyosema mvuta bangi yule kwa mtu ambaye hatujawahi kumwona na msokoto. Wataalamu wa historia ya Waismailia wameshaikataa stori ya bustani na ulevi muda mrefu, na kwa akili ya kawaida tu, kazi ya fidai ni kukaa miezi kwenye mji wa watu, kujifunza lugha yao, kuvaa kama wao, kusubiri. Conrad wa Montferrat, mkubwa mmoja wa wapiga msalaba, aliuawa Tyre tarehe 28 Aprili 1192 na watu wawili waliokuwa wameishi karibu naye wamejifanya watawa. Mlevi gani ana subira hiyo?

Halafu kuna kitu kwenye Revelations, gemu la 2011, sijui kama waandishi walikusudia. Altaïr amezeeka, ni 1257, Wamongolia wanakuja, anawakabidhi funguo za maktaba yake ndugu wawili wafanyabiashara wa Venice, Niccolò na Maffeo Polo, kisha anajifungia ndani anafia humo kwenye kiti. Niccolò ni baba yake Marco. Yaani mzee wa Masyaf amekabidhi urithi wake kwa familia ambayo mtoto wao ndo ataisambazia dunia stori ya bustani! Kama walikusudia ni kejeli ya hali ya juu, kama hawakukusudia ndo inauma zaidi. Na Ezio, shujaa wa gemu hilo, akifika hapo mwaka 1511 anakuta kijiji kimejaa theluji na Templar, na akirudi baadaye na funguo anafungua maktaba anakuta rafu tupu na mifupa. Rafu tupu. Mwaka 1256 Alamut ya kweli ilipoanguka, Juvayni, mwanahistoria aliyekuwa anawatumikia Wamongolia, alipita kwenye maktaba yao akatoa misahafu na vyombo vya elimu ya nyota na vitu vichache alivyoona vinafaa, vingine vikaenda motoni. Ndo maana mengi ya waliyosema Nizari kuhusu nafsi zao kipindi kile hatunayo kwa kauli yao, tunayo ya waliowachukia.

Unaweza kusema haya mambo ya Syria yananihusu nini mimi mtu wa Magomeni. Yananihusu kwa sababu ukitoka Magomeni ukavuka Jangwani unaenda Upanga unakutana na Diamond Jubilee, ukumbi ambao nusu ya Dar imeshachezea harusi, na jina hilo linakurudisha kwenye jubilei ya almasi ya Aga Khan wa tatu, mwezi wa nane 1946, alipopimwa uzito kwa almasi hapa hapa Dar es Salaam. Aga Khan ndo Imamu wa Nizari. Huyo mwalimu wa kwenye taalim, ambaye gemu halikutaka kumtaja, mnyororo wake haujakatika, wa sasa hivi wanamhesabu ni wa 50. Waismailia wa kwetu wengi asili yao ni Makhoja wa Gujarat, hawakutoka Masyaf, na wenyeji wa Masyaf nao wana historia yao ndefu ya kugawanyika, tusichanganye. Lakini imani ni ile ile iliyokaa kwenye zile ngome. Na mfuko wao wa utamaduni ndo uliokarabati ile ngome ya Masyaf, mfuko huo huo uliokarabati Forodhani pale Unguja ikafunguliwa upya 2009, yaani unakula urojo jioni umekaa kwenye kazi ya mikono ile ile. Mtoto wa mtaani kwetu ametibiwa kwenye hospitali yao, amesoma shule yao, jirani yake anaenda jamatkhana kila jioni, halafu usiku anacheza gemu linalohusu wazee wa imani ya huyo jirani na hana namna yoyote ya kujua. Nilimuuliza shemeji, mtu aliyemaliza gemu hili mara tatu, hawa kina Altaïr ni watu wa dini gani? Akafikiri sana, akasema, "Si ni kama maninja tu?"

Sikumlaumu. Gemu ndo limemfundisha.

Tukarudi mwishoni, sehemu ninayoiona nzuri kuliko zote na inayonisikitisha kuliko zote. Altaïr ameshajua ukweli, anarudi Masyaf, na kijiji kimebadilika. Kimya. Watu wamesimama simama njiani macho yamepotea, wamelogwa na lile tufe la mzee, wanatamka maneno ya kumsifu bila kujitambua. Inatisha kweli, muziki umeshuka, unapanda kile kibarabara ulichokizoea na watu uliowazoea hawapo ingawa wamesimama mbele yako. Ila safari hii nikiwa nimepanda taratibu nikagundua kwamba tofauti na mwanzo si kubwa kiasi hicho. Hata kabla ya kulogwa walikuwa wanasimama simama. Hawalimi, hawafui, hawaswali, hawagombani kuhusu maji, hakuna anayemwita mwanae ndani magharibi ikiingia. Kuna mmoja tu ninayekumbuka kazi yake, msusi wa vikapu, na huyo tunaambiwa kazi yake ili tumtambue sokoni tumchomolee barua mfukoni, maana alikuwa anashirikiana na Masun, yule mlinzi aliyewafungulia Templar geti.

Nikamtafuta tena safari hii yule msusi. Nikasimama pembeni, sikuchomoa chochote, nikawa namwangalia anavyotembea, anazunguka pale pale kwenye vibanda, anageuka, anarudi. Shemeji akaja na chai akauliza, vipi, gemu limeganda? Nikamwambia hapana, namsubiri huyu mzee nione nani ananunua vikapu vyake. Tukakaa wawili tunaangalia mpaka chai ikapoa.